Kuchagua Prosesa ya Kompyuta ya Michezo: Soma Namba Kabla ya Kulipa

Zipo bidhaa ambazo mlaji huzilipia bila kuziona, na prosesa ya kompyuta ni mojawapo. Imefichwa ndani ya kasha, chini ya feni, na mnunuzi huijua kwa kibandiko kilichobandikwa nje tu. Muuzaji akisema, "Hii ni i7," mnunuzi ajuaye kwamba saba ni kubwa kuliko tano huona amepata kilicho bora. Hivyo ndivyo mzazi aliyedunduliza fedha kwa miezi mingi ili amnunulie mwanawe kompyuta ya michezo anavyoweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia: kifaa cha zaidi ya miaka kumi iliyopita, chenye jina kubwa, kisichoweza kuendesha mchezo ule ule uliokusudiwa.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua prosesa inayofaa kwa michezo, kiasi gani cha fedha kielekezwe kwake, na mambo ya kuhakikisha kabla ya kulipa.

Kazi ya prosesa katika mchezo

Kompyuta ya michezo ina watendaji wawili wakuu. Prosesa hufanya hesabu na maamuzi. Kadi ya grafiki huchora picha. Katika mchezo wa mpira wa miguu, kwa mfano, prosesa ndiyo inayoamua beki akimbilie wapi, mpira udunde vipi, na taarifa zipi zipelekwe kwa mchezaji wa upande wa pili kupitia intaneti. Ikimaliza, huikabidhi kadi ya grafiki maelezo ya picha, nayo kadi huichora kwenye skrini.

Kila picha moja huitwa fremu. Skrini ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hivyo kila fremu ina muda wa milisekunde 16.7 tu kuandaliwa. Skrini za michezo zinazobadilisha picha mara 144 kwa sekunde hutoa muda wa takribani milisekunde 7. Kati ya watendaji hao wawili, yule anayechelewa humchelewesha mwenzake. Kadi ya gharama kubwa iliyounganishwa na prosesa dhaifu hukaa ikisubiri. Prosesa ya gharama kubwa iliyounganishwa na kadi dhaifu hukaa ikisubiri vivyo hivyo. Katika hali zote mbili mlaji amelipia nguvu asiyoitumia.

Jina halitoshi: tazama kizazi

Prosesa nyingi za kompyuta binafsi za mezani hutengenezwa na kampuni mbili za Marekani, Intel na AMD. Kwa muda mrefu Intel imetumia majina Core i3, i5, i7 na i9. AMD hutumia Ryzen 3, 5, 7 na 9. Tarakimu hiyo huonyesha daraja la prosesa miongoni mwa wenzake wa kizazi kimoja. Haisemi lolote kuhusu umri wake. Umri husomwa katika namba inayofuata.

Tuchukue mfano. Core i7-3770 ilitoka mwaka 2012. Tarakimu ya 3 mwanzoni mwa namba yake inaonyesha kuwa ni ya kizazi cha 3. Core i3-12100 ilitoka mwaka 2022. Namba yake inaanza na 12, yaani kizazi cha 12. Zote mbili zina viini vinne na nyuzi nane. Kasi zao za kawaida nazo zinakaribiana: gigahezi 3.4 kwa ile ya kwanza na 3.3 kwa ya pili. Mnunuzi akitazama maelezo hayo peke yake angechagua i7. Lakini kiini cha mwaka 2022 hufanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo la saa kuliko kiini cha mwaka 2012, hata i3 hiyo ikaiacha nyuma kabisa i7 ya zamani katika michezo. Kwa hiyo gigahezi za vizazi viwili tofauti hazilinganishwi.

Umri una athari nyingine. Huduma ya Microsoft kwa Windows 10 ilifikia ukomo wake tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji, kwa prosesa za Intel Core, kizazi cha 8 au kipya zaidi isipokuwa kwa nadra, na kwa Ryzen, mfululizo wa 2000 au mpya zaidi. Baadhi ya michezo ya ushindani, ukiwamo Valorant, hudai vigezo vya usalama vya Windows 11 viwe vimewashwa ndipo ukubali kufunguka. Kompyuta yenye prosesa ya kizazi cha 3 au cha 4 inaweza kufaa kwa kuandika barua na kutazama filamu, lakini kuinunua leo kwa ajili ya michezo mipya ni kupoteza fedha.

Ieleweke pia kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2024 Intel imeanza kutumia jina Core Ultra kwa prosesa mpya za mezani, kama vile Core Ultra 5 245K. Namba zake zimeanza upya, hivyo 245 hapa haimaanishi kizazi cha zamani.

Herufi za mwisho zina maana

Herufi ndogo mwishoni mwa namba inaweza kuamua kama kompyuta itaonyesha picha au la.

F kwa prosesa za Intel ina maana kwamba hakuna uwezo wa grafiki ndani ya prosesa. Atakayenunua Core i5-12400F bila kadi ya grafiki hatapata picha yoyote kwenye skrini. Prosesa nyingi za Ryzen za mfululizo wa 5000 zisizo na herufi G zina hali hiyo hiyo, ikiwamo Ryzen 5 5600.

G kwa prosesa za AMD, kama Ryzen 5 5600G, ina maana kwamba ndani yake kuna grafiki yenye nguvu kiasi. Inamfaa mlaji anayetaka kuanza na michezo mepesi na kununua kadi baadaye.

K kwa Intel ina maana kwamba mtumiaji anaweza kuipandisha kasi kuliko iliyowekwa kiwandani. Kazi hiyo hudai ubao mama unaoiruhusu na upoozaji imara. Asiyekusudia kuifanya hana haja ya kulipia zaidi kwa ajili ya herufi hiyo peke yake.

X3D kwa AMD ina maana kwamba prosesa imeongezewa kumbukumbu ya akiba iliyo karibu na viini. Ryzen 7 7800X3D, kwa mfano, ina megabaiti 96 za kumbukumbu hiyo ya ngazi ya tatu. Michezo mingi hunufaika nayo sana, ndiyo maana prosesa ya viini vinane ya aina hii inaweza kuishinda katika michezo prosesa yenye viini vingi zaidi na bei kubwa zaidi.

Viini vingapi vinatosha?

Mashine za PlayStation 5 na Xbox Series X, zilizoingia sokoni Novemba 2020, zina prosesa za viini vinane. Watengenezaji wa michezo huandaa kazi zao wakizilenga mashine hizo, hivyo michezo mipya imezoea kutumia viini vingi kuliko ya zamani. Kwa kompyuta mpya ya leo, viini sita vyenye nyuzi kumi na mbili ni mahali pazuri pa kuanzia. Core i5-12400 na Ryzen 5 5600, zote za mwaka 2022, na Ryzen 5 7600 ya mwaka 2023 zimo katika kundi hilo. Viini vinane vinamfaa anayetaka kompyuta idumu zaidi, au anayecheza huku akirusha mchezo wake mtandaoni.

Zaidi ya hapo, faida katika michezo hupungua upesi. Prosesa za seva zilizostaafishwa kazini, kama vile Xeon E5-2670 v3 ya mwaka 2014 yenye viini kumi na viwili, huuzwa tena zikiwa ndani ya makasha yenye taa za rangi na kuitwa kompyuta za michezo. Wingi wa viini vyake ni wa kweli, ila kila kimoja ni cha pole pole, na mchezo huhitaji viini vichache vyenye kasi kuliko vingi vizito.

Gawa fedha kwa mizani

Katika bajeti ya kawaida, kadi ya grafiki ndiyo inayostahili fungu kubwa. Kama kanuni ya kukadiria, kadi ichukue kati ya theluthi moja na nusu ya fedha zote, na prosesa isizidi sana sehemu ya tano. Kinachobaki kigawanywe kwa ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, kumbukumbu ya RAM, diski ya SSD, kasha na pawa saplai. Usibane matumizi kwenye pawa saplai. Rahisi huvunja upishi, na pawa saplai duni ikiungua inaweza kuondoka na vifaa vingine.

Mizani hiyo hubadilika kulingana na skrini na aina ya mchezo. Skrini ya nukta 3840 kwa 2160 ina nukta mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080, na mzigo wa kuzichora huibeba kadi. Mwenye skrini kama hiyo aongeze fedha kwenye kadi. Anayecheza michezo ya ushindani kama Counter-Strike 2 kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, akitaka fremu nyingi kwa sekunde, anaihitaji zaidi prosesa yenye kasi.

Aliye na kompyuta tayari anaweza kujipima mwenyewe. Afungue mchezo, atazame idadi ya fremu, kisha apunguze ukubwa wa picha katika mipangilio. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa ikichelewesha. Zikibaki vile vile, huenda prosesa ndiyo yenye kasoro. Jaribio hili la dakika tano linaweza kumwokoa mtu asinunue kompyuta nzima wakati alihitaji kifaa kimoja.

Soketi: mlango wa kesho

Prosesa hukaa kwenye soketi ya ubao mama, na kila soketi hupokea familia fulani tu. LGA1700 ya Intel hupokea kizazi cha 12, 13 na 14. AM4 ya AMD hupokea Ryzen za hadi mfululizo wa 5000 na hutumia RAM ya DDR4. AM5, iliyoanza mwaka 2022, hutumia DDR5 peke yake. AM4 kwa kawaida ni nafuu, lakini imefika mwisho wa safari yake. AM5 hugharimu zaidi leo ila humwachia mlaji nafasi ya kubadilisha prosesa baadaye bila kubadilisha ubao mama. Mwenye bajeti finyu asione aibu kuchagua AM4. Alijue tu hilo kabla ya kununua.

Jambo moja lahitaji tahadhari. Mwaka 2024 Intel ilikiri kuwa baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14, hasa za daraja la juu, zilikuwa zikipokea umeme kupita kiasi, zikasababisha kompyuta kuzima ghafla na prosesa kuharibika moja kwa moja. Kampuni ilitoa marekebisho yanayowekwa kupitia BIOS ya ubao mama, na ikaongeza miaka miwili ya dhamana kwa prosesa zinazohusika. Marekebisho huzuia uharibifu lakini hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kwa sababu hiyo, usinunue prosesa ya vizazi hivyo iliyotumika bila kujua historia yake, na ukinunua mpya, hakikisha BIOS imesasishwa siku ya kwanza.

Kabla ya kulipa

1. Dai jina kamili la prosesa, pamoja na namba na herufi zake zote. "Core i5" si jibu kamili.
2. Kompyuta iwashwe mbele yako. Fungua programu ya bure ya CPU-Z na ulinganishe jina, idadi ya viini na soketi na ulivyoelezwa. Kibandiko cha nje na hata maandishi juu ya prosesa huweza kughushiwa.
3. Uliza kama prosesa ilikuja katika boksi lake au katika trei. Za boksi huwa na dhamana ya mtengenezaji. Kwa za trei, dhamana hutegemea muuzaji. Ikiwa ni ya boksi, linganisha namba za boksi na za prosesa yenyewe.
4. Uliza waziwazi kama kifaa ni kipya au kimetumika, na jibu hilo liandikwe kwenye risiti.
5. Dai risiti ya mashine ya EFD yenye jina kamili la prosesa na kadi, pamoja na muda wa dhamana kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha.

Ukiuziwa tofauti na ulivyoelezwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara nchini Tanzania. Kumwambia mlaji kwamba kifaa kilichotumika ni kipya, au kwamba prosesa ni ya aina ambayo siyo, ni upotoshaji. Ukigundua hali hiyo, acha kukitumia kifaa, usikifungue wala kukipeleka kwa fundi mwingine, piga picha ya matokeo ya CPU-Z, kisha urudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani ukiambatanisha nakala za vielelezo hivyo. Malalamiko yenye risiti iliyoandika "Core i7-3770" au "Core i3-12100" hushughulikiwa kwa urahisi zaidi kuliko yale yenye risiti iliyoandika "kompyuta moja".