Mistari 240 ya VHS inapima nini?

Wanaohamisha kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta hukutana na tarakimu moja kila mahali: VHS ina mistari 240. Wengi huishika hiyo. Wakiona programu inawapa nafasi ya kuhifadhi picha kwa ukubwa wa 320 kwa 240, huichagua na kuamini kwamba wamechukua kila kilichokuwamo. Kumbe wametupa zaidi ya nusu ya mistari ya harusi ya wazazi wao, pamoja na nusu ya mwendo wake. Tarakimu yenyewe ni sahihi, ila inapima upande mwingine wa picha.

Tuanze na TV. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Uingereza na hapa Afrika Mashariki, picha huchorwa kwa mistari 625 ya mlalo. Takribani 576 kati ya hiyo hubeba picha. Iliyobaki humpa mwale wa elektroni muda wa kurudi juu ya kioo. TV ya chogo haichori mistari yote kwa mkupuo. Huchora wa kwanza, wa tatu, wa tano, hivyo hivyo hadi chini, kisha hurudi juu kujaza ile iliyorukwa. Kila nusu-picha huchukua sehemu moja ya 50 ya sekunde. Kamera nayo ilinasa vivyo hivyo, kwa hiyo nusu ya pili inaonyesha tukio lililosogea kidogo mbele ya nusu ya kwanza. Ndiyo maana mtu anayecheza ngoma kwenye kanda ya zamani husogea kwa ulaini ambao picha 25 kwa sekunde haziwezi kuutoa.

Idadi hiyo ya mistari haibadiliki. Studio, antena na deki ya nyumbani zote zina mistari 625, la sivyo picha isingetulia kwenye kioo. Kinachobadilika ni undani uliomo ndani ya kila mstari, kutoka kushoto kwenda kulia. Huko hakuna pikseli. Kuna umeme unaopanda panapong'aa na kushuka penye giza, na swali ni unaweza kupanda na kushuka mara ngapi kabla mstari haujaisha. Upana wa masafa ndio unaojibu.

Hesabu yake ni fupi, na nadhani kila anayegusa kanda aifanye walau mara moja. Sehemu ya mstari yenye picha hudumu sehemu 52 za milioni ya sekunde, yaani sekunde moja igawanywe mara milioni kisha uchukue vipande 52. Kituo kinachorusha picha kwa upana wa megahezi 5 kinaweza kupandisha na kushusha umeme mara 260 katika muda huo. Kila mzunguko una eneo jeupe na jeusi, hivyo tunapata maeneo 520. Wahandisi hawahesabu upana wote wa kioo. Huhesabu sehemu inayolingana na kimo chake, ambayo kwenye kioo cha nne kwa tatu ni robo tatu. Jibu ni maeneo 390, nao huyaita mistari. Si mbali na kile jicho linachokipata kwa wima, kwa sababu mistari 576 haionyeshi undani wa 576. Ray Kell na wenzake wa RCA nchini Marekani walilichunguza jambo hilo katika miaka ya 1930, na kiwango kilichozoeleka baadaye ni kama asilimia 70.

Sasa deki. VHS, iliyoletwa sokoni na JVC mwaka 1976, ilibidi ibane saa nzima za picha kwenye utepe usiofika hata sentimita moja na nusu kwa upana. Utepe wa PAL husogea kama milimita 23 tu kwa sekunde, huku hedi zikizunguka mara 1,500 kwa dakika ili kuandika kwa kasi inayokaribia mita tano kwa sekunde. Hata kwa ujanja huo, mwanga wa picha ulipata kama megahezi 3. Rudia hesabu ile ile: mizunguko 156, maeneo 312, robo tatu yake 234. Hiyo ndiyo 240 inayotajwa. Ni undani wa mlalo, na kwa wima mistari 576 imo yote kwenye kanda.

Rangi ndiyo iliyoumia zaidi. Deki huishusha chini kabisa, karibu na kilohezi 627, na kuipa nafasi ndogo mno, kiasi kwamba undani wake kwa mlalo ni kama mistari 40. Gauni jekundu la mpambe humwagikia ukutani kwa sababu hiyo, hata kama kanda ni nzima na hedi ni safi.

Kwa Tanzania Bara uhamishaji wa kanda una uzito wa pekee. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, na nyumba nyingi zilijua deki kabla ya kujua antena. Kumbukumbu za familia za miaka ile zimo ndani ya kanda hizi, na utepe wake unazidi kuchakaa.

Basi zihamishe kwa ukubwa wa 720 kwa 576, nusu-picha zote 50 zikiwamo. Kanda iliyotoka Marekani kwa kawaida ni ya mfumo wa NTSC wenye mistari 525, kwa hiyo itataka 720 kwa 480 na deki inayousoma mfumo huo. Ukiona kingo za vitu vinavyosogea zimefanya meno ya kitana, usiogope: ni nusu-picha mbili za nyakati tofauti zilizowekwa pamoja. Hifadhi faili hilo lilivyo, kisha tengeneza jingine la kutazama ambalo programu imezitenganisha nusu hizo. Na kabla ya yote, tafuta kanda ya kwanza iliyotoka kwenye kamera. Nakala iliyorekodiwa deki kwa deki ilishapita tena kwenye megahezi zile tatu, na kila mara ilipopita iliongeza chenga.