Kiswahili cha Kejeli Kifundishwe Kakuma

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, katika Kaunti ya Turkana nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya waliokimbia vita Sudan, kisha wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongomani na Warundi. Watoto wao husoma mtaala wa Kenya, na Kiswahili ni somo la lazima. Hufundishwa salamu, ngeli na insha, lakini msamiati wa kejeli mara nyingi huachiwa uwanja wa michezo. Hilo ni kosa, kwa sababu anayechekwa kwa lugha asiyoimudu huziona nyuso asijue anatendewa nini. Maneno yenyewe hayafanani. Kuzomea hufanywa na kundi. Kubeza ni kumshusha mtu thamani. Kumsanifu ni kumsifu kwa maneno matamu huku akigeuzwa kichekesho. Neno zito zaidi hapa ni kusimanga, yaani kumkumbusha mtu fadhila aliyotendewa ili aumie. Mahali ambapo familia nyingi huishi kwa mgao wa chakula, au zimewahi kuishi kwa Bamba Chakula, pesa za chakula zilizoanza kuingia kwenye simu mwaka 2015, kumwambia mtu "nyinyi mnakula vya bure" ni simango kamili. Mtoto akishtaki kwamba anachekwa, ataambiwa apuuze. Akisema anasimangwa kwa chakula, mwalimu ana kesi ya kuamua.

Wapo watakaosema huko ni kufundisha matusi. La hasha: matusi mtoto atayaokota njiani bila mwalimu, ila jina la kitendo anachofanyiwa hatalipata huko. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la utani, maana jamii zetu zimetaniana tangu zamani, kama Wanyamwezi na Wazaramo kule Tanzania. Lakini watani hutambuana, na kila mmoja ana haki ya kujibu. Mgeni asiye na maneno hana jibu, kwa hiyo anachofanyiwa si utani, hata mwenye kukifanya akikiita hivyo.

Somo hili si la wakimbizi peke yao. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa enzi za ukoloni, na hadi leo wapo wanaosema wanakwenda "Kenya" wanaposafiri kusini. Mtoto wa Lodwar, mji wa Turkana, anayekwenda kusoma Kitale huko kusini anaweza kuigizwa lafudhi yake vilevile. Walimu wa Lodwar, Kakuma na makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, tengeni walau kipindi kimoja kila muhula muwafundishe watoto maneno haya, wenyeji na wageni wakiwa darasa moja.