Huyo Si Mzuka, Ni Mdai: Tulivyoitazama Filamu ya "His House"

Ijumaa moja ya Novemba mwaka jana, watu tisa tulijibana sebuleni kwangu hapa Leicester kutazama filamu ya kutisha. Nilikuwa nimetoka zamu nne za usiku mfululizo, kwa hiyo mpishi hakuwa mimi. Bajia zilikuja na Bi Mkubwa wetu wa Kizanzibari, chai ya tangawizi alichemsha mume wangu, na taa walizima vijana, ambao walikuwa wameapa kwamba hakuna filamu ya mizuka iliyowahi kuwanyima usingizi.

Filamu yenyewe inaitwa "His House". Si mpya. Ilioneshwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance Januari 2020, na Netflix wakaitoa kwa watu wote mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo. Aliyeiandika na kuiongoza ni Remi Weekes, na ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Mwaka 2021 ilimpatia tuzo ya BAFTA ya wanaoanza. Wahakiki waliisifu sana. Lakini wahakiki wana yao, na sisi tuliohama makwetu tuna yetu. Ndiyo maana niliwaalika wenzangu, nikakaa na daftari kama mwandishi wa habari.

Ndugu msomaji, nakutahadharisha mapema: nitasimulia mpaka mwisho. Kama hutaki kuharibiwa utamu, itazame kwanza kisha urudi hapa.

Kisa kwa ufupi

Bol na mkewe Rial ni wakimbizi kutoka vita vya Sudan Kusini. Wamevuka bahari kwa mashua iliyojaa kupita kiasi, na humo majini wamempoteza msichana mdogo aitwaye Nyagak. Uingereza inawaweka kizuizini, kisha inawapa nyumba chakavu pembezoni mwa mji, pamoja na masharti: wasifanye kazi, wasihame, waripoti kila wiki. Usiku wa kwanza tu, kuta zinaanza kusema.

Bol anataka kuanza upya. Ananunua nguo kama za wazungu kwenye tangazo, anaingia baa kuimba nyimbo za mpira na wenyeji, anataka wale mezani kwa uma. Rial anakaa sakafuni na kula kwa mkono kama alivyozoea. Na ni Rial anayetaja jina la kilichomo ukutani: apeth, mchawi wa usiku katika masimulizi ya Wadinka. Anasimulia habari ya mtu aliyetamani nyumba yake mwenyewe mpaka akaiba, na aliyemwibia alikuwa apeth. Tangu hapo hakuishi peke yake tena.

Siri inafichuka baadaye. Nyagak hakuwa binti yao. Siku ya kukimbia, basi lilikuwa linapokea wenye watoto tu, na Bol akamnyakua mtoto wa mwenziwe katika vurumai, akasema ni wake. Mama mtu alibaki barabarani akiita.

"Hao hawakuisoma nyumba"

Bi Mkubwa alikuwa wa kwanza kusema, tena filamu haijafika nusu. "Lakini nyie, mtu aingia nyumba ya watu wasojulikana, hakufukiza ubani, hakusoma, anatandika tu alale?" Sote tukacheka. Shemeji yangu wa Kikenya, dereva wa basi, akadakia kwamba kwao wangeita watu wa maombi, na mpaka jioni nyumba ingekuwa safi.

Kicheko kilipokwisha, Bi Mkubwa akatusimulia mwaka 1995, popobawa alipotia hofu Unguja na Pemba. Watu wazima, wenye kazi na heshima zao, walilala nje kwa makundi, moto unawaka, asiwepo wa kubaki chumbani peke yake. "Tulikuwa tunaogopa, lakini tunaogopa pamoja," alisema. "Hawa wawili wanaogopa kila mtu na chumba chake. Hilo ndilo baya."

Filamu ilipofika kwenye siri ya Nyagak, alikaa kimya muda. Halafu akasema maneno ambayo nimeyafanya kichwa cha makala hii: "Basi huyo si mzuka. Huyo ni mdai. Na dawa ya deni ni kulipa."

Hapo ndipo palipozuka ubishi.

Je, Bol alikosea?

Shemeji alimtetea Bol kwa nguvu zote. Yeye mwenyewe alikuja na begi moja, na mwaka wake wa kwanza alijifunza majina ya wachezaji wote wa Leicester City ili apate la kuzungumza na madereva wenzake. "Mnamcheka kwa zile nguo, lakini mtu akipewa nyumba na kuambiwa akikosea anarudishwa, mlitaka afanye nini? Na lile basi, risasi zinalia, ungekaa ukisubiri kibali cha mama mtu?"

Mkewe hakumwacha amalize. Alisema hana ugomvi na mwanamume aliyeogopa kufa. Ana ugomvi na mwanamume aliyechoma vitu vyote walivyokuja navyo ili asahau, bila kumuuliza mwenziwe kama naye anataka kusahau. "Wewe pia," akamgeukia mumewe, "ulitupa lile sanduku la mama bila kuniuliza." Nikaona mume wangu anainuka kwenda kuongeza chai.

Anayemjua zaidi Bol na Rial katika chumba kile alikuwa dada mmoja wa Kikongo, mtu wa Uvira, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Uingereza. Hakula bajia hata moja tangu filamu ianze. Alisema ya mizuka hayakumshtua. Lililomshtua ni Rial kupotea kwenye vichochoro vya nyumba zinazofanana, anatafuta zahanati, kila kona inamrudisha palepale. "Mwezi wangu wa kwanza hapa nilipotea hivyo," alisema. "Nilisimama nikalia mbele ya mlango wa mtu."

Kuhusu mtoto, alizungumza taratibu. Kambini aliona watu wengi wakiwa na watoto wasiowazaa. Wengine waliwaokota njiani, wakawalea vizuri kuliko wa kwao. Kudanganya kwenye fomu, alisema, si kila mara ni wizi. "Lakini yule alikuwa na mama, na mama alikuwa pale pale. Filamu imempa yule mama nafasi kidogo tu. Mimi ndiye ninayemfikiria tangu ilipoisha."

Hakuna aliyeongeza neno. Lilikuwa ndilo lawama pekee ya maana niliyoisikia usiku ule dhidi ya filamu hii, na nadhani alikuwa na haki.

Vijana nao

Vijana watatu walilalamika kwamba mwanzo unakwenda polepole na kwamba apeth mwenyewe, alipoonekana wazi, hakutisha kama alivyotisha alipokuwa nyuma ya ukuta. Hilo la pili tulikubaliana nalo wengi. Mmoja alitaka kujua kwa nini waigizaji wakuu, Sope Dirisu na Wunmi Mosaku, wote wana asili ya Nigeria ilhali wanaigiza Wasudan Kusini. Shemeji, aliyewahi kufanya kazi Kakuma na kuzoea kuwasikia Wadinka, alisema lafudhi ilimsumbua dakika kumi za mwanzo. Kisha uso wa Mosaku ukamsahaulisha.

Lakini binti wa miaka 17, mzaliwa wa hapahapa, ndiye aliyenigusa. Kuna mahali Rial anawaona vijana weusi, anafurahi, anawauliza njia. Wao wanamcheka lafudhi na kumwambia arudi Afrika. Binti alisema hapo aliona aibu, kwa sababu shuleni alikuja msichana mgeni kutoka Somalia na yeye alicheka pamoja na wengine. Mama yake alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Ndiyo faida ya kutazama pamoja: gizani watoto husema yasiyosemwa mezani.

Muuguzi anaonaje?

Watu huniuliza kama hospitalini kuna mizuka. Nimefanya kazi za usiku miaka tisa, tangu Tanzania nikiwa na stashahada yangu mpya, mpaka hapa baada ya shahada. Nilichokiona ni watu wengi wanaoona, na ni wachache mno wanaothubutu kusema.

Wengine hupatwa na kile wazee wetu wanachokiita jinamizi. Usingizini kuna kipindi ambacho ubongo huota, na wakati huohuo huifunga misuli ili tusiinuke kuzitenda ndoto zetu. Akili ikizinduka kabla misuli haijafunguliwa, unajikuta macho wazi, mwili hausogei, kifua kizito, na mara nyingi unahisi kuna mtu chumbani. Kukosa usingizi, zamu za usiku na mawazo mazito huzidisha hali hiyo. Sasa fikiria sisi wa zamu, na fikiria aliyetoroka vita.

Wengine huwaona au kuwasikia waliofiwa nao. Mwaka 1971 daktari wa Wales, Dewi Rees, alichapisha utafiti wake katika jarida la British Medical Journal. Aliwahoji wajane na wagane 293, na karibu nusu yao walisema wamewahi kuhisi kwamba marehemu wao yupo nao, au kumwona, au kumsikia. Hawakuwa wagonjwa wa akili. Wengi wao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Lakini usichanganye hayo na hatari. Mtu ambaye hali wala halali, anayesikia sauti zinazomwamuru ajidhuru, au anayebomoa kuta za nyumba yake kwa nyundo kama Bol, anahitaji daktari. Na kwa daktari omba mkalimani, usimpeleke mwanao akatafsiri siri zako.

Deni langu

Nimeandika ya wenzangu, si haki nikifiche changu.

Mara ya kwanza niliianza filamu hii Novemba 2020, peke yangu, na niliizima ilipofika dakika ya thelathini hivi. Mei ya mwaka ule, katika Ramadhani, mama yangu alinipigia simu kutoka Tanga saa nane na dakika kumi usiku kwa saa za hapa. Alipiga mara tatu. Nilikuwa wodini nimevaa zile gauni na barakoa za corona, simu iko kabatini. Nilipoziona asubuhi nilikuwa nimechoka mno, nikasema nitampigia nikiamka. Nilipoamka, kiharusi kilikwisha kumchukua. Ndege zilikuwa za taabu, na maziko niliyaona kwenye simu ileile.

Kwa miaka mingi tangu hapo, saa nane usiku nilisikia simu ikitetemeka mfukoni. Naitoa, hamna kitu. Sikumwambia mume wangu. Na sikuwahi kumuuliza dada yangu, aliyekuwa na mama usiku ule, mama alitaka nini. Niliogopa jibu. Mimi ni muuguzi. Labda aliniita nimsaidie.

Mwishoni mwa filamu Bol anawaambia maofisa kwamba mizuka haiondoki, inakufuata, na kwamba alipoiacha iingie ndipo alipoanza kujikabili mwenyewe. Kisha tunawaona waliokufa wamejaa sebuleni, wamesimama pamoja naye na mkewe. Wageni wangu walipokuwa wanatafuta makoti yao, Bi Mkubwa aliniangalia akaniuliza, "Na wewe, mwanangu, nani anakudai?" Nikamwambia, nimesimama hapo mlangoni.

Jumapili nilimpigia dada. Hakushangaa, nadhani alikuwa anangoja. Alisema, "Alikuwa anakuamsha daku. Si alikuwa anakuamsha kila siku?" Akanyamaza, kisha akaendelea: "Na kichwa kilikuwa kinamuuma. Nisikufiche. Lakini hakukuita kwa kichwa, alikuita ule."

Tulilia sote wawili. Simu bado naisikia siku mojamoja, si kama zamani. Nikiisikia, nakwenda jikoni nakunywa maji, na kama ni Ramadhani, nakula.

Je, uitazame?

Itazame, lakini usiitazame peke yako kama una maiti hujamlilia. Watoto wadogo walale kwanza. Kuna damu na kuna kuzama. Haizidi saa moja na nusu kwa kiasi cha kutisha, kwa hiyo acheni saa nzima ya mazungumzo baada yake, maana hapo ndipo filamu inapoanza kwa watu kama sisi. Na bajia ziwe nyingi. Zetu ziliisha kabla ya mzuka wa kwanza.