Mboga za Porini: Chakula Chema, Wala Si Muujiza

Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasimulia kisa cha jikoni ambacho ni nadra kukisikia kikihubiriwa. Njaa ilikuwa imeikumba nchi, na nabii Elisha alikuwa Gilgali pamoja na wanafunzi wa manabii. Aliagiza sufuria kubwa iinjikwe motoni. Mmoja wao akaenda kondeni kuchuma mboga, akakuta mmea wa mwitu unaotambaa, akajaza matunda yake katika vazi lake, akarudi na kuyakatakata sufuriani pasipo kuyajua. Walipoonja tu walipiga kelele kwamba chakula kile kilikuwa na mauti ndani yake. Elisha akatia unga, na chakula kikalika (2 Fal 4:38-41).

Hatuambiwi kwamba pori la Gilgali halikuwa na chakula. Tunaambiwa kwamba aliyetumwa hakujua alichokichuma. Ndugu msomaji, hiyo ndiyo hali inayozikabili familia zetu nyingi leo. Wanaoujua mgagani, mnavu, mchunga, mchicha pori na aina nyingi za mlenda ni akina bibi, na wajukuu wao wamekwisha kuzoea kuita vyote hivyo magugu. Ujuzi unapoondoka, mahali pake panaingia dharau kwa upande mmoja, yaani kusema kwamba hizo ni mboga za maskini. Kwa upande mwingine inaingia biashara ya makopo ya unga wa majani yanayodaiwa kuponya kila ugonjwa. Yote mawili yanaumiza watu, na la pili limepata hata kuua.

Tuanze na dharau. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba watoto 30 kati ya 100 wenye umri wa chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni maghala ya mahindi ya taifa letu. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo safi na afya ya mama wakati wa ujauzito. Hata hivyo, maghala yaliyojaa mahindi yanatufundisha kwamba tumbo linaweza kushiba na mwili ukabaki na njaa. Ugali hutia nguvu, lakini hautoi vitamini A, madini ya chuma wala asidi ya foliki kwa kiasi anachohitaji mtoto anayekua au mama mjamzito.

Majani ya kijani kibichi kilichokolea, kama ya mgagani na mchicha pori, yana beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kinga ya mwili. Yana pia madini ya chuma na kalsiamu, pamoja na asidi ya foliki inayosaidia uti wa mgongo wa mtoto kujengeka vema tumboni mwa mama yake. Ubuyu, tunda la mti uliotapakaa Dodoma na Singida, una vitamini C inayozidi ile ya chungwa mara kadhaa kwa uzito ulio sawa. (Nasema ubuyu wenyewe, si ule uliozamishwa katika sukari na rangi nyekundu.) Wahadzabe wa bonde la Yaeda, karibu na Ziwa Eyasi, wameutegemea tangu zamani, na haijapata kusemwa kwamba wanakula makombo.

Hata hivyo virutubisho hivi hupotea kwa urahisi mikononi mwa mpishi. Vitamini C na asidi ya foliki huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto mrefu; anayechemsha mboga kwa saa nzima kisha akamwaga maji, amemwaga sehemu kubwa ya alichokitafuta. Mboga chungu kama mgagani hulazimu kumwagwa maji ya kwanza, lakini zichemshwe kwa muda mfupi. Magadi hulainisha mlenda upesi, ila huiteketeza vitamini C; yatiwe kidogo sana, au yaachwe kabisa. Beta-karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta, na hapo desturi ya kuunga mboga kwa karanga au maziwa inaonekana kuwa na hekima kuliko tulivyodhani. Madini ya chuma yaliyomo katika majani hufyonzwa kwa shida, lakini limau au ukwaju huyasaidia, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Kwa hiyo chai na ingoje walau saa moja. Anayekausha mlenda kwa ajili ya kiangazi auanike kivulini penye hewa, maana jua kali huharibu beta-karotini. Ubuyu nao ukorogwe katika uji ulioepuliwa, sio unaochemka.

Sasa tuje kwenye neno lililovuma sana siku hizi: antioksidanti. Mwili unapoichoma sukari na mafuta kwa oksijeni ili upate nguvu, huzalisha molekuli zisizotulia, zilizopungukiwa na elektroni. Molekuli hizo hunyang'anya elektroni kutoka sehemu nyingine za seli na kuziharibu. Antioksidanti ni kitu kinachotoa elektroni yake na kuzituliza. Akina mama wanaomenya ndizi mbichi wameona jambo linalofanana na hilo: ndizi iliyoachwa wazi huwa nyeusi kwa kupigwa na hewa, na ikinyunyiziwa limau hubaki nyeupe. Vitamini C, vitamini E, beta-karotini na rangi za zambarau na nyekundu zilizomo katika matunda mengi ya porini hufanya kazi hiyo.

Hapo ndipo mfanyabiashara anaporukia kusema kwamba ukinywa unga huo kwa wingi, saratani, kisukari na shinikizo la damu vitakimbia. Ilidhaniwa hivyo hata na wataalamu, wakaamua kupima. Nchini Ufini, wanaume 29,133 waliokuwa wavutaji wa sigara walifuatiliwa kwa miaka 5 hadi 8, wengine wakipewa vidonge vya beta-karotini na wengine bila kupewa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliomeza vidonge hivyo walikuwa wamepata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Mwaka 2012 Idara ya Kilimo ya Marekani iliondoa katika tovuti yake jedwali lililopima nguvu ya antioksidanti ya vyakula, kwa kuwa vipimo vya maabara havikuonyesha kitakachotokea ndani ya mwili wa mtu. Sahani ya mboga ina vitu vingi vinavyosaidiana, pamoja na nyuzinyuzi zake. Kitu kimoja kilichokamuliwa na kukolezwa hakifanyi kazi vilevile.

Sisi mapadre huitwa usiku kuwapaka wagonjwa mafuta. Nimeitwa kwa baba mmoja aliyeacha dawa zake za shinikizo la damu kwa miezi minne, kwa sababu aliuziwa kopo la unga wa majani na mtu aliyemhakikishia kwamba dawa za hospitali ni sumu. Nilimkuta hawezi tena kusema, kwa hiyo sikuweza kumwungamisha. Tangu siku hiyo biashara ya namna hiyo hairuhusiwi katika uwanja wa kanisa letu, hata kama muuzaji ni muumini mwema. Anayetumia dawa za shinikizo, kisukari au virusi vya UKIMWI ale mboga zake na dawa zake ameze. Mama mjamzito naye asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki.

Kuhusu kuchuma, usichume kandokando ya barabara kuu, kwenye mitaro ya maji machafu, wala katika shamba lililopuliziwa dawa ya kuua magugu. Mnavu uliwe majani yaliyopikwa, na vitunda vyake vya kijani visiliwe, kwani vina sumu. Mmea usioujua usiuchume kwa sababu tu unafanana na unaoujua.

Katika Misa ya Mavuno tunapokea magunia ya mahindi na mtama, kuku na mbuzi. Mwaka juzi bibi mmoja alileta furushi la mlenda mkavu, akalificha chini ya kanga kwa haya hadi alipofika mbele ya altare. Tuliupika jioni ile kwa karanga, kisha nikamwomba aje awafundishe watoto wa Utoto Mtakatifu. Alikuja Jumamosi iliyofuata, akawaongoza hadi nyuma ya shule, na mmea wa kwanza aliowaonyesha ni ule ambao hawapaswi kuugusa.