Kusoma Maji Kabla ya Kupiga Kasia

Wageni wengi wanaoteremka Mto Nile kwa boti la mpira karibu na Jinja, Uganda, hudhani kazi ya mwongozaji ni nguvu za mikono. Ni kweli kwamba kasia lake, kule nyuma, ndilo usukani. Lakini sehemu kubwa ya kazi hufanywa na macho, boti likiwa bado kwenye maji matulivu.

Mkondo ukipenya kati ya miamba, huchora herufi V. Ncha ikielekea mto uendako, hapo pana kina na njia ya kupita. Ikielekea mto utokako, pana mwamba uliojificha karibu na uso wa maji. Maji yanayomwagika juu ya mwamba mkubwa hujikunja na kurudi nyuma. Boti linaweza kunaswa hapo, na aliyetumbukia akazungushwa.

Maporomoko hupangwa kwa madaraja ya ukali, 1 hadi 6. Kwenye maporomoko ya Itanda, sehemu ya juu ni kali mno, hivyo abiria hushuka na kuizunguka kwa miguu. Kujua wapi pa kutopita nako ni utaalamu.

Nile hapa ina maji mengi yenye kina na vuguvugu, na mara nyingi baada ya poromoko hufuata utulivu. Ndiyo maana boti likipinduka, walinzi walio kwenye kayaki huwahi kuwaokota watu. Hata hivyo, aliyeanguka alale chali, miguu ikitangulia mbele, wala asijaribu kusimama: mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo humwangusha na kumzamisha. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, msukumo wake huwa mara nne.

Tena mto haubaki ulivyo. Bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, lilifunika maporomoko ya jina hilo. La Isimba, mwaka 2019, likafunika mengine. Waongozaji walilazimika kuhamisha safari na kujifunza njia upya, na hadi leo kina hupanda na kushuka kufuatana na maji yanayofunguliwa mabwawani. Maporomoko yaliyosalia yanastahili kulindwa, maana ndiyo riziki yao na ndiyo darasa lao.

Kwa hiyo ukifika Jinja, usimpime mwongozaji kwa misuli. Muulize maji ya leo yanatofautianaje na ya jana. Anayeijua kazi yake atakuwa na jibu.