Wahadhiri Waliobaki Nje ya Mkataba

Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya ulifika kikomo tarehe 5 Novemba 2025, baada ya siku 49. Chama chao, UASU, kilikuwa kikidai takriban shilingi bilioni 7.9, malimbikizo ya mkataba wa pamoja wa 2017 hadi 2021. Serikali ilishikilia kwa muda mrefu kwamba deni lililosalia ni milioni 624 tu. Mwishowe ilikubali kulipa mabilioni hayo kwa awamu mbili, ya kwanza Novemba na ya pili Julai 2026, na katibu mkuu Constantine Wasonga akawaambia wanachama warudi madarasani.

Ule ulikuwa ushindi wa haki. Mtu akitia saini mkataba, alipe. Lakini huku Eastlands, kutoka Umoja na Donholm hadi Komarock na Kayole, kuna watu wanaofundisha katika vyuo hivyo hivyo ambao habari ile haikuwaongezea hata senti. Hawana malimbikizo ya kudai kwa sababu mkataba hauwatambui. Ni wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa saa, na naamini mapambano yajayo ya chama cha wahadhiri yanapaswa kuanza na wao.

Jirani yangu hapa Umoja ni mmoja wao. Ana shahada ya uzamifu, na muhula huu anafundisha masomo matatu katika vyuo viwili. Kila somo ni saa arobaini na ushei darasani, na ndizo anazolipwa. Kutunga mtihani, kuusimamia, kusahihisha, kumsikiliza mwanafunzi aliyefiwa na mzazi wiki ya mtihani, hayo yote hayana safu katika fomu. Fomu yenyewe nimeiona mezani kwake. Kila kipindi kina mstari wake: tarehe, mada, saa alizoingia na kutoka, kisha saini ya kiongozi wa darasa. Huambatishwa barua ya uteuzi na orodha ya alama, ikaenda kwa mkuu wa idara, kisha kwa mkuu wa kitivo, kisha kwa msajili, kisha idara ya fedha. Alama zikichelewa, fomu hairuhusiwi kuondoka idarani. Alama zikiwahi, fomu huondoka, na fedha ndizo huchelewa. Mwanafunzi anaweza kufuzu, akavaa joho na kupata kazi kabla ya aliyemfundisha mwaka wa kwanza kulipwa.

Jioni moja tulikuwa pamoja kwenye kibanda cha mboga. Mwenye kibanda alimfungia sukuma na nyanya, akamwambia kwa upole, "Mwalimu, ile ya wiki jana utanitumia lini?" Jirani yangu alijibu kwamba ofisi imesema Ijumaa. Mama mboga akaandika kwenye daftari lake. Nilitambua wakati ule kwamba chuo kikuu cha umma kilikuwa kinaendeshwa kwa mkopo wa mama mboga wa Umoja, pamoja na uvumilivu wa landilodi na wa mwalimu mkuu wa shule anayosoma mtoto.

Hali hii ina historia. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vikafuata. Fedha zikaingia, kampasi zikachipuka kila mji, na madarasa yakafurika. Mapema 2013 Rais Mwai Kibaki alitoa hati za kuwa vyuo vikuu kamili kwa vyuo vingi kwa mkupuo. Kuajiri wahadhiri wa kudumu kulihitaji idhini, bajeti na pensheni, ilhali kumwita wa muda kulihitaji barua tu. Halafu matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya 2016 yakatoka. Waliopata C+ na zaidi walishuka hadi chini ya 89,000, kutoka zaidi ya 169,000 mwaka uliotangulia, na karibu wote wakapata nafasi zinazogharimiwa na serikali. Kisima cha wanafunzi wa kujilipia kikakauka. Masomo yaliyokuwa yakifundishwa na wahadhiri wa muda hayakukauka, wala wahadhiri wenyewe. Kilichokauka ni hela ya kuwalipa.

Kwa nini chama hakikuwabeba? Sababu kubwa ni ya kiutaratibu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamtaka mwajiri akate ada ya mwanachama kwenye mshahara na kuipeleka chamani. Hata asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala ikiwa mkataba wa pamoja unamhusu. Mhadhiri wa muda hayumo katika orodha ya mishahara. Hulipwa kwa fomu ya madai, kama mtu aliyeleta bidhaa. Hana mshahara wa kukatwa, kwa hiyo hana ada, kwa hiyo hana kura wakati viongozi wa tawi wanapochaguliwa. Kiongozi anayetafuta kura huzitafuta zilipo. Mkataba unaojadiliwa na baraza la pamoja la vyuo vya umma huzungumzia mishahara ya ngazi, posho ya nyumba na marupurupu. Katika meza ile hakuna anayeulizwa kuhusu bei ya saa moja ya kufundisha.

Wapo wanaosema kwamba wengi wa hao wa muda ni wahadhiri wa kudumu wanaotafuta nyongeza katika chuo cha pili. Ni kweli kwamba wapo, na baadhi wana masomo mengi kuliko anavyoweza mtu mmoja kuyatendea haki. Lakini hoja hiyo huwa ngao ya kumficha yule ambaye saa hizo ndiyo ajira yake yote. Yeye hujilipia bima ya afya ya SHA mwenyewe, kwa mwaka mzima kwa pamoja, kama mfanyabiashara mdogo. Likizo ya uzazi hana. Utafiti hufanya usiku, bila ruzuku, ingawa chapisho likitoka chuo hupenda jina lake liambatane na la chuo.

Chama cha wahadhiri kinajua vizuri maana ya kunyimwa kutambuliwa. Chama kilichotangulia, ambacho Willy Mutunga alikuwa katibu mkuu wake, kilimtetea Ngũgĩ wa Thiong'o aliponyimwa kazi yake baada ya kutoka kizuizini Desemba 1978. Serikali ya Moi ilikipiga marufuku mwaka 1980, na miaka miwili baadaye Mutunga mwenyewe akatiwa kizuizini. Novemba 1993 wahadhiri waligoma wakitaka UASU isajiliwe. Viongozi wao, wakiwemo Korwa Adar na Kilemi Mwiria, walifutwa kazi. Usajili ulikuja 2003, baada ya serikali kubadilika. Kwa miaka hiyo yote waliambiwa kwamba wao si wafanyakazi wa aina ya kuwa na chama. Mhadhiri wa muda huambiwa hivyo hivyo leo, na wakati mwingine na mwenzake wa ofisi ya pili.

Mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi imewahi kuona njia nyingine. Katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja ya uhuru kamili mbele ya umati. Mei 15 yeye na Fred Kubai walikamatwa, na kesho yake jiji likagoma. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi waliloliongoza lilikuwa la mafundi cherehani, madereva, wapaka rangi, watu ambao wengi wao hawakuwa na ajira ya uhakika. Mombasa nako, makuli wa bandarini waliogoma 1939 na 1947 walikuwa wakilipwa kwa siku. Katika miaka ya 1950, wakoloni waliokwisha kuchoshwa na migomo walianza kuwaandikisha na kuwapa kazi ya kudumu. Ukosefu wa ajira ya uhakika haukuwazuia watu hao kuwa na chama; ulikuwa ndio sababu ya kuwa nacho. Hata Marekani, Novemba 2022, wafanyakazi 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma pamoja, wakiwemo wasaidizi wa kufundisha na watafiti wachanga, chini ya chama kilichoanzishwa na waunda magari.

UASU haihitaji kungoja sheria mpya. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inamlinda kibarua ambaye kazi yake haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, na mahakama ya kazi inaweza kumfanya mwajiriwa wa mwezi. Vyuo hutoa barua mpya kila muhula, na barua hizo hukata mwendelezo. Chama chenye mawakili kinaweza kupeleka kesi moja nzuri ya mtu aliyefundisha somo lile lile kwa miaka, na kuuliza kama mwendelezo huo umekatika kweli au umekatwa kwa karatasi.

Katika mazungumzo ya mkataba wa 2025 hadi 2029, chama kidai bei ya chini ya saa kwa vyuo vyote, ikijumuisha kusahihisha. Kidai malipo ndani ya siku 30 baada ya alama kuwasilishwa, na riba zikipita. Kidai pia kwamba aliyefundisha mihula minne mfululizo aingizwe katika orodha ya mishahara, hata kwa nusu ya kazi, ili akatwe ada na apige kura. Kabla ya hayo, matawi yafungue daftari la wanachama wa muda, wachangie kidogo kwa simu kila mwezi, na wachague mwakilishi wao katika kila tawi. Mkutano wa kwanza unaweza kuitishwa Jumamosi alasiri huku huku Eastlands, wanakoishi, baada ya vipindi vya asubuhi kumalizika.