Gitaa la Samaki, Mahangaiko 20

Mwaka 1951 Bwana Leo Fender wa California alianza kuuza besi ya umeme aliyoiita Precision, na tangu hapo waigaji hawajalala. Kuiga umbo sioni vibaya. Hata sisi watunzi hujifunza kwa kufuata bahari za waliotutangulia. Wajapani wa Ibanez waliiga magitaa ya Marekani miaka ya 1970, lakini kichwani waliandika jina lao wenyewe. Mwaka 1977 wenye Gibson wakawashitaki kwa umbo la hicho kichwa tu. Shauri likaisha kwa masikizano, na Ibanez wakashika ubunifu wao.

Ninalolikataa ni kuandika jina la mwenzio. Hiyo ni ghushi.

Juzi kijana mpiga besi wa taarab hapa Mombasa, aliyedunduiza pesa za harusi kadha wa kadha, alinisomea tangazo la Fender ya bei ya kutupa. Mashine ilikuwa imelifasiri hivi: "Gitaa la samaki, njugu ya mfupa, mahangaiko 20." Tulicheka mpaka machozi. Wallahi, Kiingereza nacho kina lawama: besi na samaki fulani huandikwa kwa herufi zile zile, kijiti kinachopanga nyuzi juu ya shingo kina jina moja na njugu, na vile vyuma vya kubonyezea nyuzi vina neno moja na kuhangaika. Mashine haina sugu za vidole, itajuaje?

Nikamshauri aulize kwanza nambari ya gitaa. Muuzaji akajibu: "Samaki huyu ni wa asili, usihangaike."

Kijana akazirudisha pesa zake mfukoni.